Groundhogs hawakuiacha blues: jibu kwa mpiga rithimu wa Morogoro

Msomaji mmoja wa Morogoro, ambaye hupiga gitaa la rithimu katika bendi ya dansi, ameniandikia kwamba mjomba wake aliyekuwa baharia alimwachia santuri mbili. Ya kwanza ni ya John Lee Hooker, mwanamuziki mweusi wa Marekani aliyepiga blues, na waliompigia humo ni vijana wa Kiingereza waitwao Groundhogs. Ya pili ni ya Groundhogs wenyewe, inaitwa Split, ya mwaka 1971. "Ya kwanza naielewa, ni blues," anasema. "Ya pili dramu zinakimbia, gitaa linapiga mayowe, sijui pa kushika. Ni watu walewale? Kama ndio, blues waliiacha wapi? Na nisikilize nini kingine ili niwaelewe?"

Ndugu yangu, ni walewale, angalau wawili kati yao: Tony McPhee wa gitaa na Pete Cruickshank wa besi. Na blues hawakuiacha. Kile kinachokukosesha pa kushika kwenye Split ndicho walichojifunza kwa Hooker, kwenye santuri yako ya kwanza. Watu wengi walioandika kuhusu bendi hii huigawa vipande viwili: mwanzo vijana wa blues, baadaye watu wa roki nzito. Mimi sikubaliani na mgawanyo huo, na kwa kuwa wewe ni mpigaji, nadhani nitakushawishi.

Tuanze na Hooker, kwa sababu bila yeye hakuna bendi. Alizaliwa Mississippi, jirani na mji wa Clarksdale, akafundishwa gitaa na baba yake wa kambo, kisha akahamia Detroit kufanya kazi viwandani. Mwaka 1948 alirekodi "Boogie Chillen'" akiwa peke yake: sauti, gitaa la umeme na mguu unaogonga sakafu. Wimbo huo ulimpa jina Marekani nzima, na ndani yake kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, hazibadiliki. Anakaa palepale alipoanzia mpaka mwisho, na bado mtu anacheza.

Wewe unaijua blues ya kawaida, hata kama hukuwahi kuiita hivyo. Mzunguko wake ni baa 12, kila baa mapigo manne. Unakaa kwenye kodi ya kwanza baa nne, unakwenda ya nne baa mbili, unarudi ya kwanza baa mbili, unagusa ya tano, unashuka, mzunguko umekwisha, unaanza tena. Ukishaujua, unaweza kupanda jukwaani na mtu usiyemjua na mkapiga usiku kucha. Hooker mara nyingi hakuufuata mzunguko huo. Akitaka baa 11 zinakuwa 11, akiwa na maneno zaidi zinakuwa 13 na nusu, na anaweza kubadilisha kodi katikati ya pigo kwa sababu tu sentensi yake imekwisha. Waliowahi kumpigia wakiwa na hesabu kichwani waliishia kumkanyaga. Mtu huyu humhesabii, unamtazama. Unatazama mkono wake wa kushoto, unasikiliza pumzi yake, unafuata mguu.

Waingereza walianza kumwona ana kwa ana Oktoba 1962, alipofika Manchester na msafara wa wanamuziki weusi wa Marekani uliokuwa ukizunguka Ulaya chini ya jina American Folk Blues Festival. Mwaka huohuo klabu ya kwanza ya blues ya umeme ya Alexis Korner na Cyril Davies ilikuwa imefunguliwa Ealing, magharibi mwa London. Kijana Tony McPhee, mzaliwa wa mwaka 1944 katika kijiji cha Humberston, Lincolnshire, aliyekulia kusini mwa London, alimsikia Davies akipiga kinanda chake cha mdomo kwenye klabu ya Marquee, na hapo ladha yake ikageuka. Davies alifariki mapema sana, Januari 1964, na leo hatajwi inavyostahili.

McPhee alijiunga na kikundi cha ndugu wawili, John na Pete Cruickshank, kilichoitwa Dollarbills. Mwaka 1963 wakabadilisha jina. John, aliyekuwa mwimbaji, alilichukua kwenye wimbo wa Hooker kuhusu groundhog, mnyama mnene wa Amerika Kaskazini anayechimba mashimo ardhini. Uingereza mnyama huyo hayupo kabisa. Vijana wa London walijiita jina la kiumbe ambacho hawajawahi kukiona, kwa sababu tu mzee wa Detroit alikiimba.

Kisha bahati ikagonga. Mwaka 1964 Hooker alikuwa anajulikana sana Uingereza. Wimbo wake "Dimples", aliorekodi tangu 1956, uliingia kwenye chati za huko mwaka huo. Alipozunguka nchi, bendi ya John Mayall ndiyo iliyompigia, lakini kwa wiki ya mwisho ya ziara Mayall hakupatikana. Groundhogs wakaitwa kuziba pengo. Hooker aliwapenda kiasi kwamba ziara iliyofuata aliwataka wao, na kwa muda wakawa wanatangazwa kama John Lee's Groundhogs. Mwaka uleule waliwapigia pia Little Walter na Jimmy Reed. Fikiria umri wao: McPhee ana miaka 20, na mwaka mmoja anapanda jukwaani nyuma ya watatu kati ya wakubwa wa blues ya mjini. Wenzao wengi wa London waliijua blues kwa kunakili santuri, ambapo wimbo hutoka vilevile kila ukiupiga. Hawa waliijua kutoka kwa mtu ambaye hakuupiga wimbo mara mbili kwa namna moja.

Santuri yako ya kwanza ndiyo ushahidi. Ilirekodiwa London mwishoni mwa 1964 na jina lake la awali ni ...And Seven Nights, ingawa imetolewa tena mara kadhaa kwa majina mengine, mojawapo Hooker & the Hogs. Kuna matoleo ambayo mtu aliona ni busara kuongeza tarumbeta baadaye, pengine kwa kuamini zitauza. Usinunue hayo kama unaweza kuyakwepa. Zile tarumbeta zinahesabu baa 12 wakati Hooker hahesabu, na unasikia wazi zinavyohangaika. Toleo safi lina bendi tu, pamoja na Tom Parker kwenye kinanda. Weka "Waterfront", wimbo wa taratibu. Usimsikilize Hooker, msikilize McPhee. Hapigi mengi. Anasubiri. Hooker akivuta sentensi, gitaa la McPhee linabaki limening'inia, na Pete Cruickshank anashikilia noti moja ya besi mpaka mzee aamue pa kwenda. Wewe unayepiga rithimu utajua ugumu wake: ni rahisi kujaza, ni kazi kubwa kunyamaza bila kupotea.

Miaka mitatu iliyofuata nitaipita haraka, maana haina mengi. Mitindo ya London ilibadilika, watu wakataka soul, kisha wakataka muziki wa kulevya akili. Groundhogs walitoa singo chache zisizouza, kundi likavunjika, McPhee akaunda Herbal Mixture mwaka 1966, bendi ya singo mbili ambazo leo wakusanyaji wanazilipia pesa nyingi kuliko zinavyostahili. Kilicho bora zaidi ni kazi alizofanya na mtayarishaji Mike Vernon: alipiga gitaa kwenye albamu ya Champion Jack Dupree, From New Orleans to Chicago, pamoja na Eric Clapton. Na alipiga sana na Jo Ann Kelly, mwanamke wa London aliyeimba blues ya Mississippi kwa sauti iliyowaduwaza watu. Huyo naye anadai jibu lake mwenyewe siku nyingine.

Mwaka 1968 blues ilirudi kwenye mtindo Uingereza. Fleetwood Mac ya Peter Green ilikuwa inavuma, kampuni zote zikataka bendi ya blues. Kampuni ya santuri ya Liberty ikamtafuta McPhee, naye akawarudisha Groundhogs: yeye, Pete Cruickshank, Steve Rye wa kinanda cha mdomo na mpiga dramu mpya, Ken Pustelnik. Albamu yao ya kwanza, Scratching the Surface, ilitayarishwa na Mike Batt, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20 na ambaye baadaye alitajirika kwa nyimbo za Wombles, wanyama wa manyoya wa vipindi vya watoto vya televisheni. Ni albamu ya heshima. Ina "Still a Fool" ya Muddy Waters iliyopigwa kwa uzito mzuri. Lakini bendi kumi za Uingereza zilikuwa zinatoa albamu ya namna hiyo mwaka huo, na kama wangeishia hapo usingekuwa unaniandikia.

Hapo ndipo inapoanza sehemu unayoiuliza. Rye aliondoka, wakabaki watatu. Mwaka 1969 wakatoa Blues Obituary, yaani tanzia ya blues. Kwenye jalada wako makaburini Highgate, London, wamevaa rasmi kama wazishi, na jeneza. Wengi hulisoma jalada hilo kama tangazo: tumeizika blues, tunaendelea na mambo mengine. Lakini weka santuri yenyewe. Ndani yake kuna "Natchez Burning" ya Howlin' Wolf, wimbo kuhusu moto ulioteketeza ukumbi wa dansi wa watu weusi mjini Natchez, Mississippi, Aprili 1940, ukaua zaidi ya watu 200 waliokuwa wamekuja kucheza. Anayeizika blues kwa furaha hachagui wimbo huo. Ninavyoelewa, walichokizika ni ule mtindo wa London wa 1968, ule wa kila bendi kupiga mizunguko ileile ya baa 12 na kuimba kuhusu mashamba ya pamba wasiyoyajua. McPhee alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mwenye blues mwenyewe hapigi hivyo.

Sasa, ndugu yangu, zingatia hesabu ya vyombo. Katika bendi yako kuna gitaa la solo, labda na la pili, kuna lako la rithimu, kuna besi, na kila mmoja ana njia yake. Groundhogs wa 1969 hawana gitaa la rithimu. McPhee ni mmoja: anapiga mstari mzito wa chini, anaimba, na pumzi ikikatika anaruka juu kupiga solo. Anaporuka, chini panabaki wazi. Nani anapajaza? Cruickshank hajazi kwa kukaa pamoja na dramu kama besi ya kawaida. Anaondoka na mstari wake unaojibizana na gitaa. Na Pustelnik, Mungu amjalie, hakai kabisa. Anapiga dramu kama mtu anayesikia nyimbo mbili kwa pamoja. Kuna wakosoaji waliomlaumu kwa kutotulia, na kama kipimo chako ni mpigo ulionyooka basi wana haki. Ila sikiliza kwa makini: anamfuata McPhee, hafuati saa. Gitaa likirefusha sentensi, dramu zinarefuka nalo. Ndilo walilokuwa wakimfanyia Hooker, sasa limeongezewa kasi na amplifaya. Pustelnik hakuwapo enzi za Hooker, lakini wenzake wawili walikuwapo, na bendi nzima ilijengwa juu ya tabia hiyo.

Albamu iliyofuata, Thank Christ for the Bomb, ilitoka 1970 na ikafika nafasi ya 9 kwenye chati za albamu Uingereza. Walirekodi kwenye studio za De Lane Lea, London, na fundi mitambo alikuwa Martin Birch, ambaye baadaye alirekodi bendi za roki nzito, Deep Purple na Iron Maiden. Utamsikia: gitaa limewekwa karibu na sikio, halijaoshwa. Jina la albamu, yaani ashukuriwe Kristo kwa bomu, liliwakera watu wa kanisa, na lilikusudiwa kukera. Wimbo unaobeba jina hilo unaanza kwa gitaa lisilo la umeme na masimulizi ya vita vya karne ya 20, unafika kwenye hoja ya kejeli kwamba bomu la nyuklia ndilo linalozuia vita, kisha bendi inaingia kama gwaride, mpaka mlipuko unakatisha kila kitu. Upande wa pili unamhusu mtu aliyeacha mali na hadhi akaenda kuishi nje. Mambo gani haya kwa bendi ya blues? Ni mambo ya McPhee mwenyewe. Hooker aliimba kuhusu mafuriko ya Tupelo na viwanda vya Detroit, vitu alivyovijua. McPhee alikuwa Mwingereza aliyezaliwa wakati wa vita, akakulia chini ya kivuli cha bomu, akaimba hicho. Kwangu huo ni uaminifu mkubwa kwa blues kuliko kuigiza lafudhi ya Mississippi.

"Soldier" na "Eccentric Man" ndizo nyimbo za kusikiliza kwanza humo. Ya pili hasa ina mstari wa gitaa unaojirudia ambao ukiupunguza kasi nusu na kuzima amplifaya, unakuta kidole cha Hooker. Jaribu kwenye gitaa lako.

Machi 1971 mambo mawili yalitokea pamoja. Split ilitoka, na Rolling Stones wakawachukua Groundhogs kufungua maonyesho ya ziara yao ya Uingereza, ile ya kuaga kabla ya kuhamia Ufaransa kukimbia kodi ya serikali. Albamu ikapanda mpaka nafasi ya 5. Ni mafanikio makubwa kuliko yote waliyowahi kupata, na yalipatikana bila singo iliyovuma.

Upande wa kwanza wote ni wimbo mmoja wenye sehemu nne, "Split". McPhee alieleza kwamba ulitokana na tukio lililompata mwenyewe mwaka 1970, hofu kubwa iliyomshika ghafla akahisi akili yake inagawanyika. Kwa hiyo yale mayowe uliyoyasikia hayakuwekwa kwa fujo. Kila sehemu ina mstari wake mkuu wa gitaa, na kila mstari unakatika pale usipotarajia. Wewe ulisema hujui pa kushika. Aliyekuwa ndani ya hali hiyo naye hakujua. Ushauri wangu: sikiliza sehemu ya pili mara tatu mfululizo kabla ya kurudi kwenye ya kwanza. Mara ya kwanza fuata gitaa peke yake. Mara ya pili fuata besi tu, utashangaa inavyokwenda mbali na kurudi. Mara ya tatu waache wote. Usihesabu baa. Ukihesabu utaanguka palepale walipoanguka waliotaka kumhesabia Hooker.

Upande wa pili unafunguka kwa "Cherry Red", wimbo wa kasi unaoimbwa nusu kwa sauti ya kawaida na nusu kwa sauti nyembamba ya juu, kama watu wawili wanaogombana. Ndio wimbo wao unaojulikana kuliko wote. Miaka hiyohiyo vijana wa mji wa Malvern walioandaa matamasha walilichukua jina la wimbo huo kuwa jina la kampuni yao, na kutoka hapo, mwaka 1978, ikazaliwa Cherry Red Records, lebo huru ambayo ipo mpaka leo. Vijana wa punk, ile roki ya ghadhabu iliyofuata, waliodai kuchukia kila kitu cha mwanzo wa miaka ya sabini, waliwaacha Groundhogs wapite. Bendi ya The Fall ya Manchester hata ilirekodi "Junkman", wimbo mwingine wa upande huohuo.

Na sasa fika mwisho wa santuri, wimbo wa mwisho kabisa. Nina wasiwasi hukuufikia, ulizima kabla. Unaitwa "Groundhog". Ni wimbo wa John Lee Hooker, uleule uliowapa jina mwaka 1963. Kelele zote zimekwisha, amebaki McPhee na gitaa lake, anapiga kwa mwendo wa Hooker, anaburuza na kukatiza sentensi anapotaka. Albamu iliyouza kuliko zote walizowahi kutoa, mbele ya umati wa Rolling Stones, wameifunga kwa kurudi kwa mwalimu wao. Kwa hiyo ukiniuliza blues waliiacha wapi, nitakuambia geuza santuri, peleka sindano mwisho.

Kuna rekodi ya siku hizohizo ninayoipenda kuliko hata Split, lakini ni ya wale waliokwisha kukolea: Live at Leeds '71, iliyorekodiwa jukwaani kwenye ziara ya Rolling Stones. Wakati ule zilichapwa nakala chache tu za matangazo, na ukiona ya asili sokoni bei yake itakuumiza. Baadaye ilitolewa tena kwa CD, hiyo inatosha. Nyimbo za studio hapo zimerefushwa au kufupishwa kadiri ya jinsi McPhee alivyoamka, na wenzake wawili wanamfuata bila kusita.

Baada ya hapo ngazi inashuka, taratibu. Who Will Save the World? ya 1972 ilifika nafasi ya 8 na ina jalada la katuni lililochorwa na Neal Adams, mchoraji maarufu wa Batman, likiwaonyesha watatu hao kama mashujaa wenye nguvu za ajabu. Jalada ni bora kuliko santuri, kusema kweli. McPhee alianza kuongeza vinanda vya Mellotron, na ile nafasi tupu ambayo besi na dramu zilikuwa zikikimbilia ikajazwa. Humo mna "Amazing Grace" kwa gitaa ambayo ningeweza kuishi bila kuisikia tena. Mwaka huo pia walikwenda Marekani, ziara iliyokatizwa McPhee alipoanguka kutoka kwenye farasi na kuvunjika kifundo cha mkono. Mpiga gitaa na farasi! Nafasi ya kujulikana Marekani ikapita, nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya jina lao kubaki dogo kuliko ya wenzao wa kipindi kile. Sababu nyingine ni kwamba hawakuwa na sura ya kuuza wala wimbo mwepesi wa redio.

Pustelnik akaondoka, akaja Clive Brooks kutoka bendi ya Egg, mpigaji safi, mwenye hesabu. Hogwash, ya mwisho wa 1972, ni albamu nzuri ambayo watu huiruka. Mpigo umenyooka, McPhee anacheza na sintesaiza, na mwisho wa santuri unakutana tena na yuleyule: wimbo wa kufunga unaitwa "Mr Hooker, Sir John", heshima kwa mzee, ambaye McPhee amempa cheo ambacho Malkia hakumpa. Mwaka 1973 McPhee akatoa santuri yake binafsi, The Two Sides of Tony (T.S.) McPhee. Upande mmoja ni blues tupu, upande wa pili mzima ni "The Hunt", masimulizi marefu ya kupinga uwindaji wa mbweha kwa vyombo vya elektroniki. Wengi huisikia kama santuri ya watu wawili. Lakini katika upande wa elektroniki sentensi bado zinavutwa na kukatwa kwa namna ileile, ila sasa anayefuatwa ni mashine. Solid ya 1974 bado ina meno. Crosscut Saw na Black Diamond, zote za 1976, ni za kukamilisha mkusanyiko tu.

McPhee aliendelea na jina la Groundhogs kwa miongo, akibadilisha wapigaji, akirekodi hapa na pale. Kiharusi alichopata 2009 kilimharibia usemi lakini mkono uliendelea kupiga kwa miaka kadhaa. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 79.

Umeuliza usikilize nini. Tayari una vitu viwili bora, kwa hiyo huhitaji vingi. Tafuta Thank Christ for the Bomb kwanza, kisha Blues Obituary. Kwa upande wa Hooker, tafuta rekodi zake za mwanzo za Detroit, za 1948 mpaka mapema miaka ya hamsini, alipokuwa peke yake na mguu wake. Halafu sikiliza kwa mpangilio huu, kwa siku moja kama unaweza: Hooker peke yake, Hooker na Groundhogs wa 1964, "Groundhog" ya mwisho wa Split, ndipo "Split" sehemu ya pili. Ukifuata mpangilio huo hutasikia ukuta kati ya blues na hayo uliyoyaita makelele.

Kuhusu nakala uliyonayo ya Split: kama lebo ya katikati imeandikwa Liberty na ni ya Uingereza, huenda ni ya uchapaji wa mwanzo, na mjomba alijua kuchagua. Kama imeandikwa United Artists, kampuni iliyoimeza Liberty, ni ya uchapaji wa baadaye. Sauti bado nzuri, bei ndogo. Kwa vyovyote isafishe mifereji kabla ya kuicheza tena, maana gitaa la McPhee lenyewe lina mikwaruzo ya kutosha na hutaki kuchanganya yake na ya vumbi. Halafu kwenye mazoezi ya bendi yenu, mwombe mpiga solo aupige wimbo mmoja bila wewe. Umtazame atakavyofanya na ile nafasi uliyoiacha.